Kompyuta Iliyopimwa kwa Kiganja

Niliondoka Bukavu kwa sababu moja tu. Chuo kilibandika tangazo kwamba atakayeingia idara ya informatika aje na kompyuta yake ya kubeba. Za chuo zilikuwa zimebebwa na wenye bunduki, pamoja na nyaya za umeme zilizokuwa ukutani, kwa hiyo darasani hapakuwa na pa kuchomeka hata taa. Asiye na mashine angehamishiwa pedagojia, akajifunze kufundisha watoto ambao shule zao nazo zimeporwa. Nilihitaji mashine yenye betri hai. Nyingine zote zilikuwa mapambo.

Lakini kwetu mwenye kutoa ng'ombe ndiye mwenye neno, iwe ni harusi au ni kilio. Papa, yaani baba yangu, karani wa parokia, hakuwa na mshahara tangu vita ianze upya. Aliyetoa fedha ni mdogo wake, Tonton Mugisho, mnunuzi wa dhahabu kule Luhwindja. Basi kikao cha familia kiliketi sebuleni kwetu Muhumba, kikala kuku, kikajifuta midomo, kikaamua kwamba Tonton ndiye atakayechagua. Mimi, mwenye masomo, nitamfuata ili nibebe.

Tonton Mugisho ana elimu moja duniani: kupima kitu kwa kiganja. Dhahabu haidanganyi uzito, na yeye akaamini kwamba hakuna kitu kingine kinachodanganya. Mkate anaupima kwa kiganja. Viatu, redio, hata Biblia, vyote anaviinua kwanza, anafumba macho, anatikisa kichwa. "Kitu ya maana iko muzito," husema, na watu wazima wenye vyeti vyao huitikia.

Asubuhi ya safari tulishuka hadi Ruzizi, tukavuka daraja kwa miguu, tukapanda basi upande wa pili kwenda Kigali. Tonton alivaa suti yake ya kahawia, ile ambayo kwa ajili yake hapigi magoti hata kanisani. Msitu wa Nyungwe ulikuwa na ukungu na baridi, na njia nzima alimweleza jirani yake wa kiti jinsi ya kutambua kompyuta nzuri, ordinateri kama anavyoiita. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa hajawahi kugusa hata moja. Jirani alimsikiliza kwa heshima, maana suti ni suti.

Jioni tulifika Nyamirambo, kwa Mama Zaituni, rafiki wa mama yangu tangu ujana wao. Alitupa chai na maandazi, akaniuliza ninataka mashine ya namna gani. Kabla sijafungua mdomo Tonton alijibu, "Ya muzito, mama." Mama Zaituni alinitazama juu ya kikombe chake.

Kesho yake tuliingia dukani. Muuzaji, kijana mmoja aliyekulia Bujumbura, alituwekea mezani mashine mbili, zote mitumba ya Ulaya, bei moja. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya kijivu. Nilichomoa waya wake wa umeme, ikaendelea kuwaka bila wasiwasi. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, pana kama sinia la pilau. Nilichomoa waya wake, ikazimika papo hapo.

"Tonton, hii nyeusi betri yake imekufa. Na ku chuo haiko courant, nyaya zote ziliibwa."

Tonton aliinua ile ya kijivu, akacheka kwa pua. "Hii ni karatasi." Akaikumbatia ile nyeusi kwa mikono miwili, akafumba macho. "Nabintu, mutoto yangu, weye unaangalia mwangaza. Mie naangalia kitu. Hii ndiyo ordinateri."

"Lakini itafanya kazi vipi bila courant?"

"Courant itarudia. Vita itaisha. Kitu ya muzuri inabakia."

Nilitaka kulia kwa hasira. Muuzaji, ambaye alijua vizuri betri ile imekufa, alimsifu mzee kwa jicho lake kali, akafunga mzigo katika katoni upesi kabla akili haijaingia dukani.

Usiku huo sikuwa na usingizi, nilijiona pedagojia. Asubuhi Tonton alipotoka kuwasalimia wanunuzi wenzake wa dhahabu, nilimweleza Mama Zaituni mambo yote. Akavaa ushungi, akachukua ile katoni, akasema, "Twende."

Muuzaji hakupinga kubadilisha. "Hii nzito mniachie," alisema. "Haitakosa tonton mwingine."

Ilibaki shida ya kiganja. Katoni ikiwa nyepesi Tonton angejua mara moja. Mama Zaituni aliingia jikoni, akatoka na pasi yake ya makaa iliyovunjika mpini. Tukaivingirisha katika matambara, tukaitia ndani ya katoni, tukafunga kwa utepe wa gundi hadi katoni ikakosa sura. Ile ya kijivu alinifunga tumboni kwa kitambaa, juu yake vikwembe viwili. Tonton aliporudi nilimwambia katoni isifunguliwe kabla ya Bukavu, la sivyo garantie inakufa. Neno la Kifaransa lilimtosha. Akainua katoni, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Iko sawa," akasema, na njia yote ya kurudi aliipakata pasi ile kama mtoto mchanga.

Alasiri ya siku iliyofuata tulivuka tena daraja. Mvua ilikuwa imenyesha. Upande wetu kulikuwa na kizuizi, na askari wawili wa wale waliotawala mji wakati huo. Mashine tumboni ilikuwa baridi.

"Muko na nini mu carton?"

"Ordinateri, chef. Ya mutoto, ya masomo," alijibu Tonton.

Askari mmoja alipekua mfuko wangu wa nguo, akautupa. Mwingine alichukua katoni. Hakuifungua. Aliiinua kwa kiganja, akafumba macho, akatikisa kichwa. Nilidhani nimeona vibaya.

"Iko muzito. Hii inabakia hapa kwa enquête, tuichunguze. Muende."

Hapo Tonton Mugisho alipiga magoti. Katika matope, na suti ile. "Chef, pardon! Mutoto atapoteza chuo! Munikamate mie, mumuachie mashini yake!" Machozi yalikuwa ya kweli, na yalitutetea kuliko hila yangu, kwani hakuna askari anayemshuku mtu anayelia hivyo. Walimsukuma kwa kiatu, wakatucheka. Nami niliyekuwa nimemdharau safari nzima niliona aibu, nikamwinua.

Tulipanda hadi Muhumba. Nyuma ya ukuta wetu nilifungua vikwembe. Tonton aliitazama ile mashine ya kijivu.

"Na mu carton muko nini?"

"Pasi ya Mama Zaituni."

Nilingoja kofi. Aliichukua mashine, akaiweka kiganjani, lakini safari hii hakufumba macho. Kisha akafungua mlango wa sebule, na kabla sijaketi alikuwa ameanza kuisimulia familia jinsi *yeye* alivyowapumbaza wale askari. Kikao kikampigia makofi, kikadai kuku mwingine.

Ninaandika haya nikiwa darasani, hakuna taa, na mashine inawaka. Safari ile ilinifunza kwamba mwenye dhahabu na mwenye bunduki wamesoma shule moja, na kwamba mjinga wako anaweza kukupenda kuliko wenye akili wote wa kikao.

Juzi jirani alikuja kumwomba Tonton ushauri, mwanawe naye anataka kompyuta. Tonton alijiweka sawa kitini. "Kwanza unachomoa waya ya courant. Ikikufa, unaiacha. Na usisahau kununua pasi."

Jirani aliitikia kwa kichwa, kisha akauliza pasi iwe ya umeme au ya makaa. Nilifungua mdomo nicheke. Nikaona suruali ya kahawia, na matope magotini ambayo Tonton anasema hayatoki, ingawa hakuna aliyemwona akiyasugua.

"Ya makaa, papa," nikajibu mimi. "Ndiyo iko muzito."