Hadithi Waliyoniuliza Washona Makuti

Mwanangu, umeniambia una hadithi tano kichwani, hujui uanze na ipi, na mwezi mzima umekaa na simu yako mkononi hujaandika hata neno. Hali hiyo naijua. Ipo wiki moja ya ujana wangu, kwetu kando ya mto Sabaki, ambayo naikumbuka kuliko nyingine zote. Nilikuwa nimemaliza shule na kujiona mwandishi kabla sijaandika chochote.

Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Mombasa. Alinipenda, maskini, akaniambia nimpe hadithi moja aipeleke kwa mchapishaji anayemfahamu. Moja tu, kabla hajaondoka Jumamosi. Nami nilikuwa nazo tatu: ya binti wa mfalme wa Malindi ya zamani, ya mtalii aliyempenda muuza vinyago, na ya jini wa magofuni. Kila nikianza hii, ile inaniita. Jumatatu ikapita hivyo. Nafasi kama ile nisingeipata tena.

Jumanne mama alichoka kuniona nimejikunyata, akanituma nikamsaidie jirani yetu, Mama Kadzo, aliyekuwa mkubwa wa kina mama wanaoshona makuti ya kuezekea. Kazi yenyewe unaijua. Unakunja jani la mnazi juu ya kijiti, unashona, unakunja jingine, mikono inakwenda yenyewe na masikio yanabaki bure. Basi nikawasimulia hadithi zangu zote tatu, kwa mbwembwe. Wakasema nzuri. Katikati, nikitaka kuwachekesha, nikamtaja baba yangu: kwamba tangu mto uhame ukapita juu ya shamba letu, kila asubuhi bado anatoka na jembe begani, anasimama ukingoni, kisha anarudi nyumbani. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake nilikwenda nikitarajia kuulizwa habari za binti wa mfalme. Hakuna aliyemkumbuka. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia, na hapo hapo Mama Kadzo akaniuliza kama baba alikwenda tena asubuhi ile. Nikasema alikwenda. Akaniuliza akifika pale hufanya nini. Nikasema sijui.

Akaweka kuti chini. "Binti wa mfalme umetueleza mpaka nguo alizovaa," akasema. "Babako unalala naye nyumba moja, na hujamuuliza. Mimi jana nimekwenda nyumbani na hiyo ya babako, hata mzee wangu nimemsimulia. Hizo nyingine nimeziacha hapa hapa."

Nilikasirika, sikufichi. Niliona haya watu wa Mombasa wasome umaskini wetu, na kusema kweli nilidhani baba ameanza kuchanganyikiwa. Ndiyo maana nilikuwa sijamuuliza. Niliogopa jibu.

Hata hivyo Alhamisi nilimfuata. Tukasimama ukingoni, maji ya udongo yakipita pale tulipokuwa tukivuna mahindi. Nikamuuliza anakuja kufanya nini kila siku. Hakushangaa. Alininyooshea kidole upande wa pili, penye tope.

"Mto huu unachukua na unaleta," akasema. "Lile tope limeanza kukauka. Siku litakapokubali mbegu, nataka niwe nipo, na jembe ninalo."

Nililia pale pale, mtu mzima mimi. Kumbe baba hakuwa akiomboleza shamba, alikuwa akilingoja. Niliandika kutwa hiyo na kutwa ya Ijumaa, na Jumamosi mwalimu akaondoka nayo. Ndiyo hadithi yangu ya kwanza kuchapishwa. Baba hakujua kusoma, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akalalamika kwamba nimesahau kusema mpini wa jembe ulikuwa mpya.

Basi, mwanangu, acha kuzipima hadithi zako peke yako. Zisimulie zote kwa watu wanaofanya kazi zao, halafu kesho yake nyamaza uone wanauliza nini. Ile watakayoiuliza ndiyo uanze nayo, hata kama unaionea haya, na jibu usilolijua nenda kalitafute kwa mwenyewe angali hai. Hizo nyingine hazitakukimbia. Yule binti wa mfalme nilimwandika baadaye, na alitoka vizuri zaidi kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza kuuliza.

Mungu akupe watu wa kukuuliza, mwanangu, na akupe moyo wa kwenda kusimama karibu na yule mwenye jibu.