Lumbalumba Haitiwi Mapema

Mwezi uliopita nilikimbia sokoni, hapa Kindu. Mtu mzima kama mimi, magoti yanalia, kapu la mihogo mkononi! Mama mmoja alikuwa anafungua fungu la lumbalumba, yale majani ya kunukia tunayotia kwenye samaki. Akayanyunyizia maji, harufu ikapanda, na miguu yangu ikaondoka yenyewe. Nilipiga hatua kama kumi kabla akili haijanifikia. Watu walicheka, nami nikacheka nao ili wasiniulize kitu. Wewe rafiki yangu, kaa, nikueleze nilikuwa nakimbilia wapi.

Miaka ya vita tuliishi papa hapa, karibu na mto: mama, mimi, wadogo zangu wawili, na koko, yaani mama yake baba. Baba alikuwa fundi wa treni. Reli ilipokatika akageuka mtu wa baiskeli kama wanaume wengine. Alivuka Lualaba kwa mtumbwi, akasukuma mafuta ya mawese na mchele mpaka mji wa Kama kwa wachimba dhahabu, akarudi na chochote alichopata.

Koko alipika pombe ya mahindi, na mtaa mzima ulimjua kwa hiyo. Alilowesha mahindi, akayafunga kwenye majani ya mgomba mpaka yaote, akayaanika, akayatwanga. Uji wa mihogo ulipopoa hadi kidole kivumilie, alichanganya vyote na kumimina mtungini. Hapo kazi yangu ilianza. Nililaza sikio kwenye tumbo la mtungi, naye akaniuliza kutoka jikoni.

"Iko inasema?"

"Iko inasema, koko."

"Basi uiache. Mutu mwenye kusema hasikiake."

Siku ya kwanza ilisema kwa haraka, kama mafuta yanayokaangwa nyumba ya jirani. Siku ya pili ilipiga mbweu kama mzee aliyeshiba. Siku ya tatu ikachoka. Siku ya nne, kimya. Kimya hicho ndicho koko alichokuwa anangojea, maana lumbalumba inatiwa tu baada ya pombe kunyamaza. Mimi nilijifanya mjuaji mara moja, nikaitia siku ya pili. Lo! Jikoni kote kulinukia vizuri ajabu, lakini pombe yenyewe haikuwa na harufu hata kidogo.

"Umeona?" koko akaniambia. "Pombe ya kuchemka iko inapumua. Umeipa harufu, imeipumua yote inje. Sasa tutakunywa nini? Hewa?"

Na hata ukisubiri kimya, majani hayakai humo siku nyingi. Yanaingia asubuhi, yanatolewa jioni. Yakizidi hapo unakunywa ladha ya nyasi, na harufu yenyewe haimalizi siku ya pili. Kwa hiyo pombe ya kila siku haikutiwa lumbalumba. Ilitiwa ya mgeni tu, na mgeni awe ameshaonekana. Majani tuliyachuma kwenye ua wa jirani yetu, mwalimu wa madrasa, ambaye pombe hakuigusa maisha yake yote. "Mimi natoa majani ya samaki," alikuwa anasema huku anatazama pembeni. "Huyo samaki wenu anaogelea wapi, sitaki kujua."

Safari ya mwisho, baba alifunga mizigo yake asubuhi, akamgeukia koko. "Mama, nikirudi nitafika ng'ambo kwanza, nitatuma mutu wa mutumbwi akuambie. Utie majani. Nataka ninywe siku ile ile." Koko akamjibu aende salama, aache ulafi. Tukacheka wote. Alivaa shati la kazi la reli, lile la bluu lililopauka mabegani.

Aliposema atakaa wiki tatu, tulihesabu wiki tatu. Zikapita. Njia ya Kama ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Kila alipopika, koko alitenga mtungi mdogo, mtungi wa baba, akauweka kwenye kona na kuufunika jani la mgomba. Siku ya nne unanyamaza. Siku ya tano anatoka, anasimama barabarani, anatazama upande wa kivuko. Siku ya sita pombe inakuwa chachu, anaimwaga nyuma ya jiko, na kuku wanalewa mpaka wanaanguka ubavu. Kisha analowesha mahindi mengine.

Na mahindi hayakuwapo, rafiki yangu! Tulikuwa tunakula majani ya mihogo bila chumvi. Mdogo wangu wa mwisho alianza kuvimba miguu. Siku moja mama alikamata kapu la mahindi kwa mikono yote miwili.

"Mama, hii njo chakula ya watoto. Unaimwagia kuku!"

Koko hakupaza sauti. "Siku nitaacha kupika, njo siku nitasema hatarudi. Unataka niseme?"

Mama akaachia kapu. Sikuwahi kumwona akilia namna ile, bila kufunika uso. Tangu hapo hawakubishana tena. Hata siku za risasi, tukiwa tumelala sakafuni wote, milio ikipungua kidogo koko alinisukuma mgongoni: "Kasikilize mutungi." Nami nilikwenda, kwa sababu nilitaka baba ainywe ikiwa imeiva sawasawa.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Nilikuwa natoka shuleni, adhuhuri, jua kali. Kwenye kona ya mwalimu wa madrasa harufu ikanikuta. Lumbalumba. Si ya samaki. Ya samaki inachanganyika na mawese na moshi. Hii ilikuwa tamu, na chachu kidogo nyuma yake. Nilitupa daftari. Nilikimbia nikipiga kelele mtaa wote usikie: "Baba amefika! Baba amefika!" Wadogo zangu wakasikia walikokuwa wakicheza, nao wakakimbia nyuma yangu wakiimba maneno yale yale.

Uani wanawake walikuwa wameketi chini. Mwanamume mmoja, aliyesafiri na baba, alisimama karibu na ukuta, mikono mitupu, miguu imejaa vidonda. Alikuwa ameleta habari saa tatu asubuhi: yeye na wenzake wawili wamemzika baba kando ya njia, hata jembe hawakuwa nalo. Koko alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda uani kwa mwalimu kuchuma majani, akayatia kwenye mtungi wa baba. Nilimkuta anachota, anawapa watu.

"Hii njo pombe ya baba yako," akaniambia. "Imemungojea sana. Wainywe wengine."

Lakini si hicho kinachoniuma. Mama alisikia sauti yangu kabla hajaniona. Alikuwa ameshaambiwa, ameshalia, ameshavua kitambaa kichwani. Aliposikia "Baba amefika" aliinuka. Alisimama katikati ya wanawake wote, akachungulia barabarani nyuma yangu, na uso wake ulikuwa unacheka. Kisha akaniona mimi na wadogo zangu tu. Akaketi tena.

Hakunigombeza. Hakulitaja jambo hilo mpaka alipokufa, na mimi sikupata ujasiri wa kumwomba msamaha. Koko hakulowesha mahindi tena. Mwaka uliofuata tulimzika na yeye. Wadogo zangu wametawanyika, mmoja hata sijui yuko nchi gani. Njia ya Kama niliifuata mara moja nilipokuwa mkubwa, nikauliza kila kijiji, hakuna aliyejua kaburi. Ua wa mwalimu leo ni ukuta wa saruji.

Siku ile ya sokoni nilirudi nikanunua fungu zima kwa yule mama. Nililiotesha kwenye kopo, likashika. Nikalowesha mahindi, nikapika kama alivyopika koko, nikalaza sikio kila asubuhi. Mikono haijasahau kitu. Leo ni siku ya nne, na mtungi umenyamaza. Nimechuma majani, nimeyaosha, nimeyashika hapa tangu asubuhi na yameanza kunyauka. Nimetoka mara mbili kutazama upande wa kivuko. Ng'ambo hakuna mtu wangu.