Kanga za Kupeleka Kagera

Tangu tetemeko lilipoangusha nyumba za watu Kagera, fundi cherehani wa Ngarenaro anapokea nguo za msaada barazani kwake. Kila kifungo anakivuta kwanza, kila pindo analipitisha kati ya vidole vyake vyenye alama za sindano, na kanga haiingii kwenye gunia kabla hajaisoma. Leo jirani yake, Twahira, kaleta doti mpya kabisa. Fundi akaitandaza, akasoma kwa sauti: "Ulijitakia mwenyewe." Akamtazama. "Shoga, mtu katoka kwenye kifusi, ndiyo umwambie hivi?"

Twahira akajishika mdomo. "Jamani! Mimi niliangalia maua tu."

Fundi akavua kanga ya mabegani mwake, iliyoandikwa "Mungu hamtupi mja wake", akaikunja pembe kwa pembe, kichwa juu kwa fahari. "Hii ndiyo iende. Atakayeisoma ajue Ngarenaro tunajua kutoa pole."