Mguu Kwenye Breki ya Pijo

Wanaosema nilikuwa nimevuta bangi waje waniambie usoni. Sivuti, sinywi, na haya yalinipata mimi mwenyewe gerejini kwangu Mkonze, jua likiwa halijazama.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Bwana mmoja wa Area D, nimwite Daudi, aliniletea Pijo ya zamani, ya marehemu kaka yake. Alitaka imbebe binti yake siku ya harusi. Swichi zilikuwa zinakwama, ya taa ukiibonyeza hairudi, na taa za breki haziwaki kabisa. Nilimuuliza kama gari lilishawahi kugongwa. Akasema halijawahi. Halijawahi! Huku buti limenyooshwa kwa nyundo na kupakwa rangi juu.

Nilifungua swichi moja moja, nikasugua kutu kwa msasa, nikafunga swichi mpya pale kwenye pedali. Sasa, taa za breki utazijaribuje peke yako? Mmoja akanyage, mwingine aangalie nyuma. Nilikuwa natafuta tofali la kuegemeza kwenye pedali, akatokea mzee mmoja amevaa kaunda suti ya kijivu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Nikamwomba anisaidie kukanyaga. Akaingia, nikazunguka nyuma.

Nikimwambia akanyage, zinawaka. Aachie, zinazimika. Nilifurahi, niamini.

“Zinawaka?” akauliza.

“Zinawaka zote, mzee.”

Kisha akasema taratibu, kama anayesema na mtu mwingine, “Nilimwambia Daudi azitengeneze kabla sijaenda Kibakwe. Akaniambia ameshatengeneza. Lile lori la mbao lilikuwa nyuma yangu kwenye mteremko. Lingejuaje kwamba nafunga breki?”

Taa zikabaki zinawaka. Nikamwambia aachie. Bado zinawaka. Nikadhani swichi yangu mpya imekwama, nikaenda mbele kwa hasira.

Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Vumbi la kiti lilikuwa vilevile, halijaguswa. Lakini pedali ilikuwa imezama hadi chini, na mimi nikiitazama kwa macho yangu haya, ikapanda polepole, kama mtu anayeondoa mguu wake.

Unadhani nilifanya nini? Nilikimbia hadi barabarani, spana mkononi.

Kesho yake Daudi alikuja. Nikamsimulia yote. Mtu mwingine angecheka, au angeuliza huyo mzee ni nani. Yeye hakuuliza. Alisema tu, kwa sauti ya chini, “Alionekana amekasirika?”

Hapo ndipo damu iliponichemka. Alijua! Alimdanganya ndugu yake wa tumbo moja, akamwacha ashuke mlima bila taa, halafu akataka kumpandisha binti yake humo humo. Nilimwambia aondoe gari lake. Akalivuta kwa kamba, na toka siku hiyo anatangaza mjini kwamba mimi ni kichaa.

Basi na aseme. Hadi leo sijaribu taa za breki bila kuacha mlango wazi nione miguu ya anayekanyaga. Na wewe, ukiulizwa kama umetengeneza taa za gari la mtu na hujazigusa, sema hujazigusa. Atakasirika, mtagombana, lakini atakuwa hai.