Mkoba Uliokataa Kubambuka

Katika soko la mitumba la Kitale, mimi ndiye niliyekuwa jicho la mikoba. Wenzangu wakifungua mzigo, waliniita nitenge ya kampuni kubwa na ya kuigiza. Napitisha kidole kwenye mshono, navuta zipu nisikie uzito wake, nanusa ndani, kisha natazama mahali mkono hushika. Ngozi halisi hapo huwa imekolea rangi. Ile ya bandia hung'aa wiki mbili tatu, halafu inaanza kubambuka. Wateja wetu walikimbilia kinachong'aa. Mimi nilijua, na kwa miaka minne ya kujua sikuwahi kupata hata mmoja wa kweli kwenye mzigo wangu.

Basi mdogo wangu, aliyeolewa Sirisia, akaanza kuuza mitumba Bungoma mjini. Mzigo wake wa kwanza kabisa. Akaja kwangu na mkoba wa kahawia aliotoa humo, ameufunga kwa leso.

"Dada, niangalizie. Kama ni orijino nampelekea mama mkwe Krismasi. Labda ataacha kusema ati niliingia kwake mikono mitupu."

Nilipoushika tu, nilijua. Mshono ulionyooka, herufi zimezama kwenye ngozi, zipu nzito. Nilimwonea wivu, sitaficha. Huyu mtoto nimemfunga kamba za viatu mimi, leo hata kukagua zipu hajui, na bahati imempita nani ikamfuata yeye? Mimi nimeinama juu ya mizigo mpaka mgongo umekufa ganzi.

"Ni feki," nikamwambia. "Kufikia Pasaka utakuwa umebambuka wote. Usijiaibishe kwa watu."

Hakubisha. Angebishaje, na mimi ndiye jicho?

"Basi baki nao, dada, ubebee mboga."

Akaenda kwa mama mkwe na pakiti mbili za sukari. Baadaye nilisikia mama huyo alizipokea mbele ya wake wa wanawe wengine, akamuuliza kama huko mjini anauza hewa.

Mimi nikaubeba ule mkoba. Kanisani, sokoni, hata harusi moja Endebess. Mtu akiusifu, ilibidi niseme ni feki tu, maana maneno hufika Bungoma kabla yangu. Yaani nilikuwa na mkoba wa kweli na sikuweza hata kuringa nao. Nikazidi kumkasirikia yeye.

Krismasi ya tatu alikuja kunitembelea. Mkoba ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikiwa namimina chai, akaushusha. Akapitisha kidole kwenye mshono. Akavuta zipu polepole, akanusa ndani, akageuza akatazama mahali mkono hushika. Siku hizi alikuwa anajua.

"Dada," akasema, "kwani Pasaka ngapi zimepita?"

Nikaendelea kumimina chai. Akaurudisha kwenye msumari, akakaa, akaomba nimpitishie sukari.