Njia ya Uani

Jirani yangu hatoki bila mkasi wa kukatia miiba. Mkulima akilima njia ya umma inayokatiza shamba lake, ambayo kila mtu ana haki ya kuipita, na kuipanda ngano, yeye hazunguki ng'o. Anapita katikati ya ngano kuelekea mlimani, taratibu, viatu vimejaa matope.

“Mama, unaniharibia shamba!” mkulima mmoja, Thwaite, alimpigia kelele majuzi.

“Nani alikutuma upande ngano njiani?” akajibu bila kugeuka. “Na geti nimekufungia, kondoo wako wasitoke.”

Wengine husema ni rahisi kutetea njia zinazopita kwa watu. Kumbe moja inapita uani kwake, chini ya dirisha la jikoni, na kila Jumapili wapanda milima humkuta anakunywa chai, nywele hajachana. Siku ya kumzika mumewe, jeneza likiwa uani, walitokea wanne na mabegi mgongoni. Walipoliona wakavua kofia, wakaanza kurudi walikotoka. Akawafuata na gauni lake jeusi.

“Mnarudi wapi? Piteni!”

“Hatutaki kukusumbua, mama.”

“Piteni, wanangu,” akasema, huku akiwaondolea viti vya waombolezaji. “Hata yeye leo anapita hapa hapa.”