Kwani Si Mengi?

Kila mkokoteni wa maji unapopita hapa kwetu Mtopanga, mitungi ikigongana kokoko, mimi humkumbuka Mwalimu Tai, na hapo hapo husonya.

Jina tulimpa sisi wanafunzi, kwa ile tai aliyoivaa hata jua la kaskazi likiwaka, imemkaba, jasho linamchuruzika. Alizaliwa Utange hapo, akaenda bara kusoma miaka miwili, akarudi amesahau ngeli zote. Kwake kila kitu kilikuwa "mingi": watu mingi, vitabu mingi, hata uji mingi. Lakini Kiingereza, wallahi, alikilinda kama mali ya babake.

Mwaka huo shule yetu ilichimbiwa kisima, na wageni walikuwa waje kukifungua. Mwalimu mkuu alinichagua mimi niwakaribishe kwa Kiingereza. Bibi yangu, aliyenilea, alinishonea sare mpya na akawatangazia majirani wote kuwa mjukuu wake atahutubu. Siku ya mazoezi nikasimama kifua mbele, nikasema: "We have many water."

Mwalimu Tai alicheka mpaka akashika meza. "Many water! Umeyahesabu? Moja, mbili, tatu?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikamuuliza kwa adabu kosa langu ni lipi.

"Kosa ni wewe," akasema, na hotuba akampa mtoto mwengine. Mtu mzima ovyo!

Siku yenyewe bibi alikaa mbele, buibui limepigwa pasi, ananukia udi, macho yananitafuta jukwaani. Mimi nilikuwa nyuma nagawa soda. Kisha Mwalimu Tai akashika kipaza sauti, akawashukuru wazazi kwa Kiswahili. "Wazazi mmekuja mingi," akasema, "na sasa maji ni mingi sana!" Wazee wetu, ambao Kiswahili wamekinyonya ziwani, hawakucheka hata mmoja. Walipiga makofi. Naye akavimba kichwa.

Njiani kurudi nyumbani bibi akaniita.

"Abee, bibi."

"Ulikosa nini hata wakakunyima?"

"Nilisema maji ni mengi."

Akasimama pale pale njiani, akanitazama. "Kwani si mengi?"

Nililia mpaka nyumbani.

Leo mimi mwenyewe nafundisha Kiingereza. Kinachohesabika hupewa "many", kisichohesabika hupewa "much". "Few" na "little" nazo huachana njia papo hapo. Mtoto wa kwetu huteleza kwa sababu maji kwetu ni wingi tu, hata yawe tone. Hilo ni somo la kuisha kabla chai haijapoa. Nilidhani Mwalimu Tai alininyima somo hilo kwa roho mbaya. Kumbe hakuwa nalo! Alichokijua ni kucheka. Na yale makofi aliyovimbia, wazee walikuwa wakimsitiri, masikini, asiumbuke mbele ya wageni. Sitara hiyo mimi, mtoto wa watu, hakunipa.

Mwanafunzi wangu akiandika "many water", kwanza humwambia ni kweli, ni mengi. Ndipo ninapomsahihisha.

Bibi alitangulia mbele ya haki bila kunisikia jukwaani hata mara moja. Kwa hilo Mwalimu Tai sijamsamehe, wala sina haja.